NJIA YA UPEPO HUPIMWA KWA MZIGO

Kila askari aliyepata kukaa zamu katika chumba cha mawasiliano analijua swali ambalo wakubwa huliuliza kila siku: "Mtambo unafanya kazi?" Na jibu lake nalo ni la kila siku: "Ndiyo, afande, unafanya kazi." Zamani, simu ya upepo ilipokuwa ikichukua sauti ya mtu tu, jibu hilo lilitosha. Aliyeko upande wa pili akisikika vizuri, mtambo ni mzima. Asiposikika, huitwa fundi.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mitambo ya upepo inayounganisha kituo cha polisi na makao makuu, au kambi moja na nyingine, haichukui sauti peke yake. Inachukua barua, ramani, picha za watu wanaotafutwa, alama za vidole na picha za video. Vitu hivyo vyote husafiri vikiwa tarakimu, na tarakimu hizo ndizo ziitwazo data. Mtambo waweza kuwasha taa zake zote, ukaonyesha kwamba mawimbi yana nguvu, na hata hivyo ukashindwa kuifikisha picha moja ya mhalifu kabla basi alilopanda halijavuka mpaka.

Kwa sababu hiyo tumeonelea leo tuwaeleze wasomaji wetu wa jeshi na polisi namna ya kupima wingi wa data unaopita katika njia ya upepo. Neno letu ni fupi: njia ya aina hii haijulikani kwa maandishi ya kiwandani wala kwa taa zinazowaka. Hujulikana kwa kutwishwa mzigo, kisha kuhesabiwa kile kilichofika.

FUNDISHO LA ARNHEM

Historia ya vita inatuonyesha hasara ya kuingia kazini na njia ambayo haikupimwa katika hali ile ile itakayotumiwa. Tarehe 17 Septemba 1944, Divisheni ya Kwanza ya askari wa miavuli wa Uingereza ilishuka karibu na mji wa Arnhem, Uholanzi, ili iteke daraja la mto Rhine. Mahali waliposhuka palikuwa mbali na daraja kwa kilomita kumi na zaidi, na katikati palikuwa na misitu na majumba.

Redio walizochukua zilikuwa ndogo. Katika uwanja mtupu zingeliweza kusikilizana, lakini miti na kuta za Arnhem ziliyanywa mawimbi yake. Vikosi vilipotawanyika, sauti zikakatika. Kamanda wa divisheni, Meja Jenerali Roy Urquhart, alilazimika kuondoka makao yake kwa gari dogo ili awatafute maofisa wake mwenyewe. Akazingirwa na adui mjini, akajificha katika dari ya nyumba, na hakurudi makao yake mpaka tarehe 19. Kwa muda huo divisheni nzima ilipigana bila ya kamanda wake.

Kushindwa kule kulikuwa na sababu nyingi, na redio ni moja tu kati ya hizo. Lakini hapana askari asiyeielewa maana yake. Redio zile hazikuwa mbovu. Ziliwaka, na zilikuwa na umbali ulioandikwa kwenye vitabu vyake. Kilichokosekana ni ulinganifu kati ya kilichoandikwa na kilichohitajika mahali pale. Mitambo ya data ya leo ina hatari ile ile, nayo imejificha zaidi, kwa kuwa njia ya data mara nyingi haikatiki ghafula. Huendelea kuishi huku ikipitisha kidogo kidogo, na mwenye zamu hatambui mpaka siku ya haja.

NGUVU NI KITU KIMOJA, UPITISHAJI NI KINGINE

Kwanza tutengane na kosa linalofanywa na wengi. Vijiti vinavyoonekana juu ya kioo cha simu au cha kompyuta huonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Havionyeshi ni data kiasi gani inapita. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Na mawimbi nayo yaweza kuvuma kwa nguvu huku yakiwa yamejaa makelele ya mitambo mingine, hata mpokeaji asiweze kuyachambua.

Kipimo cha data ni biti, yaani tarakimu moja, sifuri au moja. Biti elfu ni kilobiti, na biti milioni ni megabiti. Kasi ya njia huelezwa kwa idadi ya biti zinazopita kila sekunde. Ukubwa wa jalada lakini huelezwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Asiyeitambua tofauti hiyo atakosea hesabu yake mara nane, na ofisa anayemtegemea atakosea pamoja naye.

Tuchukue mfano wa jalada la megabaiti 30, lenye ramani na picha kadhaa. Megabaiti 30 ni megabiti 240. Katika njia inayopitisha megabiti 20 kwa sekunde, jalada hilo litafika kwa sekunde 12. Katika njia ya megabiti 1, litahitaji dakika 4. Na katika njia ya kilobiti 64 kwa sekunde, litahitaji zaidi ya saa nzima. Njia zote tatu "zinafanya kazi", na katika zote tatu taa ya kijani itakuwa inawaka. Lakini askari wa doria anayengoja ramani hiyo anajua vizuri kwamba dakika 4 na saa moja si kitu kimoja.

Jambo la pili ni namba iliyochapwa kwenye sanduku la mtambo. Mitambo ya Wi-Fi iliyotengenezwa kwa kanuni ya mwaka 1999 iliandikwa megabiti 11 kwa sekunde. Iliyofuata kanuni ya mwaka 2003 iliandikwa megabiti 54. Mafundi walipoipima waliona kwamba mtambo wa 11 hupitisha kiasi cha 5 au 6 za data yenyewe, na ule wa 54 hupitisha kiasi cha 20 hadi 25, tena pale hali inapokuwa njema.

Kiwanda hakikusema uongo. Namba yake ni kasi ya biti wakati zinaporuka hewani. Lakini mtambo haurushi wakati wote. Husikiliza kwanza kama hewa i tupu, hungoja kidogo, hurusha kifurushi kimoja cha data, kisha hunyamaza mpaka apokeaye amrudishie jibu kwamba kimefika. Kila kifurushi hubeba pia anwani na alama za ulinzi wake. Zaidi ya hayo, hewa ni moja kwa pande zote mbili: mmoja akisema, mwingine hunyamaza. Ukiyatoa hayo yote, kinachobaki kwa data yenyewe ni nusu ya namba iliyochapwa au chini ya hapo.

NIDHAMU HEWANI

Askari hawatalistaajabia jambo hili, kwa kuwa ndiyo kanuni ya redio waliyofundishwa tangu depo. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, hapana asikiaye. Ndiyo maana msemaji humaliza kwa neno "ova", mwenzake akajua kwamba zamu ni yake.

Thamani ya nidhamu hiyo ilihesabiwa kwa namba katika visiwa vya Hawaii. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHA, wa kuunganisha vyuo vya visiwa mbalimbali na kompyuta kubwa mjini Honolulu. Mkondo wao ulikuwa na kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Kanuni ya kwanza ilikuwa nyepesi: kila kituo chenye neno kiseme papo hapo. Vituo viwili vikigongana, kila kimoja kingoje muda wa kubahatisha, kisha kirudie.

Abramson alifanya hesabu akaona kwamba, kwa mtindo huo, mkondo hauwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake. Yaani katika biti 9,600, zilizofika salama hazingezidi 1,800. Tena ubaya wake ni huu: vituo vikizidi kusema ili vilipize kilichopotea, migongano huongezeka, na kinachopita hupungua badala ya kuongezeka. Mwaka 1972, Lawrence Roberts alionyesha kwamba vituo vikiagizwa kuanza kusema kwa mapigo ya saa moja tu, si wakati wowote, kiwango hicho hupanda mpaka asilimia 37. Nguvu ya mitambo haikuongezwa hata wati moja, wala milingoti haikurefushwa. Utaratibu peke yake uliongeza mzigo mara mbili.

Hapa pana fundisho kwa kila anayepima. Njia ikionekana nyembamba, wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya mtambo. Huenda nguvu haikuwa na kosa. Huenda kuna vituo viwili vilivyo pande mbili za kilima, vyote vikikisikia kituo cha kati lakini vyenyewe visisikiane. Kila kimoja hudhani hewa ni tupu, na vyote husema kwa pamoja. Kuongeza nguvu hapo ni sawa na kuwaambia watu wanaogombana wapaze sauti zaidi.

MLIMA KWA MLIMA HUKO VENEZUELA

Mfano ulio bora zaidi wa yale tuyasemayo ulitokea katika milima ya Andes, nchini Venezuela. Mwalimu Ermanno Pietrosemoli, wa shirika la EsLaRed katika mji wa Mérida, alitaka kuthibitisha kwamba mitambo ya bei nafuu yaweza kuvifikia vijiji vya mbali ambako kampuni za simu hazipeleki waya. Mnamo Aprili 2006, yeye na wenzake waliweka mtambo mmoja juu ya kilele cha Pico del Águila, chenye urefu wa zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, na mwingine katika El Baúl, huko chini kwenye nyika. Umbali kati yao ulikuwa kilomita 279.

Mitambo yenyewe ilikuwa ile ya kawaida iliyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, yenye nguvu ya sehemu ya kumi ya wati, ambayo ni kidogo kuliko nguvu ya taa ya tochi. Waliifunga kwenye masahani makubwa ya zamani yaliyokuwa yakipokea matangazo ya setilaiti, ili mawimbi yakusanywe na kuelekezwa mahali pamoja. Njia ikafunguka. Lakini walipoipima kwa mzigo, data iliyopita ilikuwa kama kilobiti 65 tu kwa sekunde. Mtu aliyeangalia mawimbi peke yake angelisema kazi imekwisha. Kipimo kilisema bado.

Dosari ilikuwa wapi? Ilikuwa katika kungoja. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300 kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hiyo ni kasi kubwa mno kwa macho ya binadamu, lakini mtambo wa nyumbani umetengenezwa kungojea jibu la jirani aliye umbali wa mita chache, na uvumilivu wake ni makumi machache tu ya sehemu za milioni za sekunde. Kifurushi kilifika salama, jibu likawa njiani linarudi, na mtambo uliorusha ukawa umekwisha kata tamaa na kurusha tena kitu kile kile. Mafundi waliweza kuurefusha muda wa kungoja, lakini hata hivyo sehemu kubwa ya wakati ilipotea katika kimya.

Mwaka uliofuata, Aprili 2007, walirudi kilele kile kile, na safari hii mtambo wa pili uliwekwa Platillón, umbali wa kilomita 382. Pamoja na mitambo ya kawaida, walikuwa na programu iliyoundwa na kikundi cha TIER cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Programu hiyo iliacha desturi ya kungoja jibu kwa kila kifurushi. Badala yake pande mbili zilipeana zamu: upande mmoja ulirusha vifurushi vingi mfululizo kwa muda uliopangwa, kisha ukanyamaza, upande wa pili ukasema, na majibu yakatolewa kwa pamoja.

Matokeo yalikuwa megabiti 3 kwa sekunde kila upande. Umbali uliongezeka kwa kilomita zaidi ya mia moja, na data iliyopita ikaongezeka mara nyingi. Ni fundisho lile lile la Hawaii, miaka 36 baadaye: zamu iliyopangwa vizuri ilifanya kazi ambayo nguvu isingeliweza.

Wala haikuwa mchezo wa kutafuta sifa tu. Katika jimbo la Tamil Nadu, India, hospitali ya macho ya Aravind iliunganisha vituo vyake vya vijijini na madaktari wake kwa njia za upepo za kikundi hicho hicho cha Berkeley. Mgonjwa alikaa mbele ya kamera kijijini, na daktari aliyekuwa mjini akazungumza naye na kumwangalia macho. Hapo kasi iliyopimwa ilikuwa na maana ya mtu kuona au kutokuona.

ZANA ZILIZOTOKA KATIKA MAABARA YA JESHI

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba zana za kupimia mitandao zilizaliwa jeshini. Mwishoni mwa mwaka 1983, Mike Muuss, mtaalamu wa kiraia katika maabara ya utafiti wa silaha ya Jeshi la Marekani huko Aberdeen, jimbo la Maryland, aliandika programu ndogo iitwayo ping. Jina hilo alilichukua kutoka mlio wa chombo cha manowari kinachorusha sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Programu hiyo hurusha kifurushi kidogo, hungoja kirudi, na husema kimechukua muda gani. Inatumika duniani kote hata leo.

Lakini ping inatuambia tu kwamba upande wa pili upo, na kwamba jibu lake limechelewa kiasi gani. Haisemi ni mzigo gani waweza kupita. Kwa kazi hiyo, Muuss alishirikiana na Terry Slattery, wa chuo cha maofisa wa Jeshi la Majini la Marekani, kuitengeneza programu ya ttcp katika miaka ya 1984 na 1985. Mtindo wake ni rahisi: kompyuta moja hutengeneza data isiyo na maana yoyote, huimwaga njiani kwa kadiri njia inavyoruhusu, na kompyuta ya pili huihesabu iliyofika na kuigawa kwa muda uliotumika. Kutoka katika mawazo hayo ilitokea programu ya iperf katika Chuo Kikuu cha Illinois, na baadaye iperf3, inayotunzwa na mtandao wa utafiti wa ESnet huko Berkeley. Zote hutolewa bure.

Zana hizo hupima kwa mitindo miwili. Wa kwanza, TCP, ni kama barua ya rejista: kila kitu hutiwa sahihi, na kilichopotea hurudiwa. Ndio mtindo unaochukua barua na majalada. Ukiona upotevu, hupunguza mwendo wake wenyewe, kwa hiyo huonyesha kasi ambayo mtumiaji ataipata kwa kweli. Wa pili, UDP, ni kama kipaza sauti sokoni: maneno hutoka, aliyesikia amesikia, aliyekosa amekosa. Ndio mtindo wa sauti na wa video inayokwenda papo hapo, nao huonyesha ni asilimia ngapi ya vifurushi imepotea na jinsi vilivyofika kwa mwendo usio sawa.

Kwa mtindo huu wa pili tunatoa onyo. Mpimaji asipotaja kasi anayoitaka, iperf hurusha megabiti 1 tu kwa sekunde. Mgeni wa zana hiyo huona jibu la megabiti 1, akailaani njia iliyo nzima, akaagiza mtambo mpya kwa fedha za umma. Njia haikuwa na kosa lolote: yeye aliibebesha kikapu kimoja, akashangaa kuona kikapu kimoja kikifika.

UTARATIBU WA KUPIMA

Sasa tueleze utaratibu ambao kikosi chochote chaweza kuufuata. Kwanza kabisa, pimeni kompyuta mbili zenyewe kwa kuziunganisha kwa waya. Kama kwa waya hazipitishi zaidi ya megabiti 20, si haki kuulaumu upepo usipopitisha 30. Kisha iwekeni mitambo ya upepo karibu karibu, katika uwanja mmoja, na kupima tena. Hicho ndicho kipimo cha mtambo ukiwa katika afya yake. Baada ya hapo tu ndipo ipelekwe kwenye milingoti.

Pili, iangalieni ardhi. Mawimbi hayaendi kama uzi mwembamba. Yanahitaji nafasi iliyo wazi kuzunguka mstari wa macho, yenye umbo la yai refu, nene katikati. Kwa masafa ya gigahezi 2.4 na umbali wa kilomita 10, unene wa nafasi hiyo katikati ni mita 17 na zaidi kutoka kwenye mstari kwenda kila upande, na yapasa angalau sita katika kumi ya kipimo hicho isizibwe na kitu chochote. Kwa umbali wa kilomita 50 kipimo hicho hufikia karibu mita 40. Tena hapo mviringo wa dunia wenyewe huinuka kama mita 37 katikati ya njia. Ndiyo maana milingoti miwili iliyoonana vizuri kwa darubini yaweza kupitisha data kidogo mno: ncha za miti zimeingia ndani ya nafasi ile. Na njia inayokatiza maji, kama ghuba za Ziwa Victoria, huwa na tabu yake, kwa kuwa uso wa maji huyarudisha mawimbi kama kioo, na mawimbi yaliyorudishwa hugombana na yale yaliyokwenda moja kwa moja.

Tatu, pimeni kila upande peke yake, kisha pande zote kwa pamoja. Huenda makao makuu yanasikika vizuri kituoni, lakini kituo hakisikiki makao makuu, kwa kuwa kuna makelele mengi mjini. Anayepima upande mmoja ameijua nusu tu ya njia.

Nne, msiridhike na kipimo kifupi. Programu ya iperf, isipoamriwa vingine, hupima kwa sekunde 10. Muda huo hautoshi kuamua jambo. Pimeni kwa dakika nzima au zaidi, mrudie mara kadhaa, asubuhi, adhuhuri na usiku, siku ya jua na siku ya mvua. Mvua haiyasumbui sana masafa ya gigahezi 2.4, lakini masafa yaliyo juu ya gigahezi 10 huweza kudhoofishwa vibaya na mvua kubwa kama zinyeshazo katika nchi zetu. Katika majibu mtakayopata, kilicho cha maana kwa mlinzi wa usalama ni jibu la chini kabisa. Jibu la juu ni la kufurahisha wageni.

Tano, pimeni kuchelewa wakati njia imebeba mzigo. Ifungueni ping huku iperf ikimwaga data. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unashauri kwamba, kwa mazungumzo ya sauti yaliyo mazuri, sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Njia nyingi hutimiza sharti hilo zikiwa tupu, lakini zikijaa hujaza foleni ndani ya mitambo, na sauti ya ofisa hufika baada ya sekunde nzima au zaidi, nyuma ya picha zilizotangulia.

Sita, kumbukeni kwamba kipimo chenyewe ni mzigo. Programu hizi huijaza njia mpaka pomoni, na habari nyingine hazipati pa kupita. Kwa hiyo isipimwe njia bila ya ruhusa ya mkubwa wa zamu, na isipimwe kamwe wakati kuna operesheni. Kituo cha pili na vituo vyote vya njiani viarifiwe kabla.

Saba, kila kipimo kiandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni tarehe, saa, hali ya hewa, upande uliopimwa, mtindo, muda na jibu. Mkibadili kitu, badilini kimoja tu, mpime tena, muandike tena. Anayegeuza antena, anayebadili mkondo na anayeongeza nguvu katika saa ile ile hatajua kamwe ni lipi lililosaidia na ni lipi lililoharibu. Na daftari la mwaka mmoja litamwonyesha kamanda jambo ambalo hapana mtambo unaoweza kumwambia: kwamba njia iliyokuwa ikipitisha megabiti 18 mwezi wa Januari inapitisha 9 mwezi wa Julai, na kwamba katika muda huo miti ya bondeni imekua, au mtu mwingine amejenga mnara wake jirani.

JIBU LILILO KAMILI

Twayasema haya tukijua kwamba kazi ya mawasiliano haina shangwe. Askari wa mawasiliano hapigiwi makofi siku habari inapofika. Hukumbukwa siku isipofika. Lakini askari aliyejeruhiwa porini, au mtoto aliyeibwa ambaye picha yake inapelekwa mpakani, uhai wake huning'inia kwenye kazi hiyo isiyoonekana, iliyofanywa na mtu mwenye daftari na saa, siku ambayo hapakuwa na hatari yoyote.

Basi mkubwa akiuliza tena kama mtambo unafanya kazi, na apewe jibu lililo kamili: "Afande, jana saa nne usiku, wakati wa mvua, njia ilipitisha megabiti 12 kwenda na 9 kurudi, bila kupoteza zaidi ya kifurushi kimoja katika mia. Ramani ya megabaiti 30 itafika kwa sekunde 20 kwenda, na kwa sekunde 27 kurudi." Kamanda aliyepata jibu la namna hiyo anajua ni nini awezacho kukiagiza usiku huo, na ni nini kinachompasa akituma kwa gari mapema.